Kidoti cha Maria wa Khamala

Mvua za El Niño zilipotoboa mabati ya karakana ya Khamala ya kuchora picha takatifu, pale mtaani Kawangware 56, zililowesha karatasi moja tu. Ndiyo hiyo iliyolisha ukoo mzima tangu enzi za babu. Uso wa Bikira Maria ulichorwa humo kwa vitobo vya sindano. Kila picha ilipoagizwa, mzee Timothy Khamala aliibandika ubaoni, akapigapiga vumbi la makaa juu yake, likapenya vitoboni, na chini uso ukatokea. Kisha watoto wake walijaza rangi: mwanawe Kevin nguo, bintiye Phanice ngozi. Macho aliyapaka mzee mwenyewe, mwisho kabisa.

Sasa karatasi imekuwa uji, na kanisa la Gatwekera linamtaka Maria wao Jumapili.

"Nitamchora kwa mkono," Phanice akasema.

"Uso aliotuachia babu yenu haubahatishwi!" mzee akafoka. "Waambie watafute Maria wa kalenda. Kazi imeisha."

"Baba, yule mwalimu Mjapani aliyetufundisha shuleni alituambia zamani kwao kulikuwa na familia za kuchora Buddha, zikirithishana. Unadhani karatasi zao hazikulowa?"

"Hao walirithisha wana wao wa kiume."

"Usiniangalie mimi, mzee," Kevin akacheka. "Mimi nataka kuuza misumari."

Phanice hakungoja ruhusa. Uso ule alikuwa ameupaka miaka tisa. Aliujua kuliko wake. Akashika makaa: paji, pua, kidevu. Mzee akasogea, akainama, akatafuta kosa.

"Kidoti kiko wapi?"

Kila Maria wa Khamala alikuwa na kidoti shavuni. Waumini walikiita alama ya neema.

"Baba, kile kilikuwa kitobo cha mende. Alitafuna karatasi."

"Najua. Nilikuwa mtoto, nikamwona akitafuna. Babu yenu alimfukuza na kiatu."

"Na ukakiacha miaka yote hii?"

"Watu walishakipenda. Mimi ni nani nikifute?"

Kevin alicheka mpaka akakalia kopo la rangi ya buluu. Phanice hakucheka. Aliona wazi kwamba hatairithi karakana bila kumrithi na mende wake. Akakiweka kidoti.

"Kimepanda juu," mzee akanung'unika.

"Huyu ni mende wangu, Baba. Wako alikula chini."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kama kikohozi. Akapangusa machozi, akachomoa brashi nyembamba kwenye mfuko wa shati, ile ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuigusa.

"Haya, mama, mpake macho. Upesi, kabla sijaghairi."