Zahoro Asoma Pale Peupe

Zahoro alipofika pale peupe, hakuruka.

Alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya duka la Isihaka, gazeti amelikunjua kifuani. Sala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha na watu wa Kibuta wamejaa tele, wanaume wamechutama mbele, wanawake wamesimama nyuma na watoto migongoni. Alikuwa amekwisha kusoma jina la gazeti, tarehe, jina la mhariri, habari za mvua na mabao ya mpira. Kisha akasoma kichwa cha habari kwa sauti yake ya kukwaruza: "Makuti ya Wazazi Wetu." Watu wakasogea. Makuti hayo walikuwa wameyashona wao.

Hapo akanyamaza.

Si kwamba aliacha kusoma. Macho yalikuwa yanakwenda kushoto hadi kulia, yakifika ukingoni yanarudi, yanashuka kidogo, yanakwenda tena. Kidole kinafuata. Mahali fulani alipumua kwa nguvu, kama afanyavyo kwenye sentensi ndefu. Mbuzi wa Isihaka alipiga chafya, watu wakamkata jicho. Mtu angeweza kuchemsha chai na kuimaliza kabla Zahoro hajafungua tena kinywa.

"'Nasi tunawashukuru sana kwa wema wenu.' Mwisho wa habari."

"Mwisho wa habari ipi?" aliuliza Jumbe Pazi, mkubwa wa kijiji, mkono sikioni.

"Ya makuti, Jumbe."

"Wamesemaje sasa?"

"Nimeisoma yote kama ilivyo. Kuna kichwa, kuna mkia. Katikati pameachwa peupe, mistari ishirini na miwili. Nimepima kwa kidole."

Kundi zima likaguna. Mama mmoja alisikika akimwambia mwenzake, "Umeona alivyopumua pale kati? Pale ndipo penyewe."

Gazeti lenyewe liliitwa *Mbiu ya Mkengeni*. Lilitoka Chuo cha Walimu cha Mkengeni, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kibuta, na wanafunzi ndio walioliandika na kulirudufu kwa mashine ya kuzungusha mkono. Lilitumwa kila wiki kwa wahisani wa chuo. Na wahisani hao mwaka ule wa hamsini na tatu hawakuwa matajiri, walikuwa hawa hawa waliochutama hapa, na wenzao wa Kibaha mpaka Mlandizi. Kila nyumba ilitoa makuti ya kuezeka bweni, mihogo na nazi ili vijana wasome. Mwaka ule walikuwa wameombwa tena makuti, ya bweni jipya. Bibi mmoja wa Ulaya aliahidi saruji na madirisha, kwa sharti moja tu: akija, aone kwa macho yake lundo la makuti ya wenyeji.

Kibuta ilikuwa na mapatano yake juu ya kusoma. Msomaji wa kwanza alikuwa Abeid, mwenye sauti tamu kama kasida. Lakini Abeid akichoka alikuwa anaruka, na akinogewa anaongeza. Alipata kusoma kwamba Gavana amemsifu shemeji yake Abeid kwa ufugaji wa bata. Wakamshusha kwenye kinu siku hiyo hiyo. Zahoro alipopandishwa aliapishwa na Jumbe mbele ya watu wote: hataruka na hataongeza.

Naye ndiye aliyefaa. Alikuwa mkulima wa mihogo na mshona makuti, na kusoma alijifunza akiwa na miaka arobaini, kutoka kwenye vipande vya magazeti ambavyo Isihaka alifungia sukari. Miaka saba alisoma habari zisizokuwa na mwisho. Merikebu inazama, kipande kimeishia hapo. Bwana harusi kakimbia, sukari imemwagika juu ya sababu yake. Kwa hiyo gazeti zima lilipomfikia mkononi kwa mara ya kwanza, alilishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Shambani alikuwa mmoja wa wengi. Juu ya kinu alikuwa Zahoro.

Kesho yake alijitwika kapu la mihogo, fungu la nyumba yake, akaenda Mkengeni. Alipoingia uwanjani aliona banda jipya, refu, limeezekwa vizuri ajabu. Akasimama chini yake akatazama juu. Mshona makuti huujua mkono wake. Aliyajua mafundo yake, akayajua mapana ya mkewe, na yale ya Jumbe Pazi yaliyolegea. Chini ya makuti yale, kavu kabisa, ililala motokaa ya Mkuu wa Chuo.

Mkuu huyo, Mzungu, watu walimwita Bwana Hodi, kwa sababu alikuwa anapiga hodi hata akiingia nyumbani kwake mwenyewe, na kama hakuitikiwa, wanasema alikuwa anarudi ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Aliipenda gari yake tu, kama wengine wanavyopenda mke.

Kwenye bweni la zamani Zahoro aliwakuta wanafunzi wamesogeza vitanda katikati, na masufuria pande zote yanakinga matone. Husseini, mhariri wa gazeti, alimwamkia, "Shikamoo, Mzee Zahoro."

"Marahaba. Nini kimetokea kwenye mistari yangu?"

"Bwana Hodi kaipiga wino mwekundu. Karatasi ya nta ilikuwa tayari iko kwenye mashine, basi karani akaifunika mistari kwa nta, wino usipite. Kichwa na mkia akavisahau." Husseini akashusha sauti. "Tuliandika tu kwamba makuti yako juu ya gari na sisi tunalowa. Nikuandikie pembeni uende nayo?"

Zahoro alitamani. Mate yalimjaa mdomoni. "Hapana," alisema. "Karatasi ya pembeni si gazeti. Niandikie gazetini."

"Amekataza."

"Basi nitasoma alichokataza."

Nyumbani, mkewe Mwanamkuu alimpokea kapu tupu, na maneno. "Baba Sikuzani, makuti umeyaona kwa macho?"

"Nimeyaona."

"Na mafundo yangu?"

"Yapo. Yanalinda usukani."

"Mimi nimetoboka vidole mwezi mzima kwa ajili ya usukani! Panda juu ya kinu uwaambie watu."

"Niliyoyaona nitamwambia mke wangu. Juu ya kinu nasoma. Nikiongeza leo kwa sababu ni kweli, kesho nitaongeza kwa sababu ni tamu, na mimi nitakuwa Abeid. Na wewe usiyatoe mdomoni."

Mwanamkuu alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumpiga. Lakini hakuyatoa, na kwa mwanamke aliyechomwa vidole, huo ulikuwa mzigo mzito kuliko kapu la mihogo.

Ijumaa iliyofuata lilikuja gazeti jipya, limejaa pomoni. Zahoro alilisoma lote, watu wakapiga miayo. Alipomaliza, Jumbe alisema, "Sasa turudishie ile ya peupe." Akaisoma tena, mistari ishirini na miwili, bila kupunguza hata mmoja. Safari hii mzee mmoja alilia.

Maana kila mtu alikuwa anaisikia. Mwenye mwana chuoni alisikia kwamba mwanawe mgonjwa. Aliyetoa makuti mengi alisikia yameuzwa Dar es Salaam. Na habari ilipovuka kwenda Kibaha ilikuwa imeota miguu. Ijumaa ya tatu aliwasili mtu kutoka Mlandizi, jina lake Mfaume, amekuja kusikiliza kwa masikio yake, na chakula cha njiani amefunga.

"Kwetu tumekwisha kuelewa," alisema. "Bwana Hodi anafuga simba. Anamlisha mihogo yetu."

"Simba hali mihogo," alisema Isihaka.

"Ndiyo maana wameficha. Huyu anakula."

Basi michango ikakauka. Hakuna aliyekataa kwa mdomo, hao si watu wa kukataa. Walisema tu, "Tunashona, tunashona." Kibuta makuti yalilala nyuma ya nyumba. Mlandizi hawakutoa hata nazi, kwa kumhofia simba. Kiwanja cha bweni jipya kilibaki kitupu, na Bibi wa Ulaya alikuwa amekwisha kuteremka melini.

Jumatano alifika karani wa chuo, Adamu, kwa baiskeli, suruali ameichomeka ndani ya soksi.

"Mzee Zahoro, Bwana Mkuu anasema wewe unachochea watu."

"Kwa neno gani nililosema?"

Adamu akafikiri. "Kwa... hilo ambalo hujasema."

"Hilo ni lake. Mimi nimelisoma tu."

"Nisikilize, baba yangu. Ijumaa anakuja mwenyewe, na yule Bibi, ayaone makuti. Ukifika pale, ruka. Sema mwisho wa habari, shuka. Ukinyamaza mbele yake, gazeti la Kibuta litakuwa linapelekwa kwa Abeid. Wewe hutalishika tena. Amekwisha kuandika na barua."

Adamu alipoondoka, Zahoro alikaa chini akashona. Alikunja jani juu ya ufito, akatoboa, akakaza ukambaa, akakunja, akatoboa. Mwanamkuu alimwona anakosea fundo, jambo ambalo hajaliona tangu aolewe.

"Watakunyang'anya?" aliuliza.

"Watanirudisha kwenye karatasi za sukari."

"Basi ruka, mume wangu. Mara moja. Mungu ameona."

Zahoro alifumua fundo lile baya akaanza upya.

Ijumaa watu walifurika. Walitoka Kibuta, walitoka vijiji vya jirani, Mlandizi peke yake ilileta watu arobaini, na mmoja wao alikuwa na mkuki kwa sababu ya simba. Motokaa ya Bwana Hodi ilifika taratibu ikasimama kando ya duka. Akashuka yeye, akashuka Adamu, akashuka Bibi mnene mwenye kofia pana, mchangamfu, aliyempa mkono kila mtu mpaka mbuzi akasogea.

Abeid alikuwa amekwisha kukaa mbele, kanzu imepigwa pasi, anasafisha koo.

"Msomee mgeni ile habari ya makuti," alisema Bwana Hodi kwa Kiswahili chake safi cha kitabuni. "Naomba uisome ipasavyo."

Zahoro alipanda kinuni. Akalikunjua gazeti kifuani. Akasoma jina, akasoma tarehe, akasoma jina la mhariri. Akasoma: "Makuti ya Wazazi Wetu."

Na akanyamaza.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Watu walishusha vichwa kama wako msikitini. Bibi alimnong'oneza Bwana Hodi, na Adamu aliyesimama karibu alisikia: alikuwa anauliza huyu mzee anasoma nini. Bwana Hodi alifungua mdomo kutafsiri. Akaufunga. Mstari wa tisa. Bibi akauliza tena. Uso wa Bwana Hodi ulianza kuiva kutoka shingoni. Mstari wa kumi na tano, jasho lilimtoka puani likadondoka kwenye tai. Alitazama nyuso zile, mamia, zote zinasikiliza kwa makini kitu ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyekitengeneza, na hapo, wanasema, ndipo alipotambua kwamba hajapata kuandika jambo lililosikilizwa hivi maishani mwake.

"'Nasi tunawashukuru sana kwa wema wenu,'" alisoma Zahoro. "Mwisho wa habari."

"Hapo katikati hapana kitu!" alisema Bwana Hodi.

"Kama hapana kitu, Bwana Mkuu, niruke nini?"

Kicheko kikapita, kikazimika. Jumbe Pazi alisimama, mkono sikioni. "Bwana Mkuu, sisi hatugombi. Tumeshona, makuti yapo. Tunataka tusikie tu yamefanywa nini ya kwanza. Mwenye kufuta ndiye mwenye kujua."

Zahoro alishuka kinuni. Alimwendea Bwana Hodi, akamnyoshea gazeti kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa.

"Niandikie hapa, Bwana. Nafasi ipo. Mimi siwezi kuongeza."

Bwana Hodi alimtazama Bibi, akalitazama gazeti, akaitazama gari yake. Kisha alichomoa kalamu mfukoni, ile ile ya wino mwekundu, akalitandaza gazeti juu ya boneti, akaandika. Hakuuliza mtu. Alikuwa ameisoma habari ile usiku na mchana hata ameihifadhi, na aliiandika mistari yote, mpaka mahali Husseini alipotaja rangi ya gari. Alipomaliza alilipuliza likauke.

Zahoro akapanda tena.

Wanasema siku hiyo sauti yake ilifika Mlandizi, nao Mlandizi hawajapata kubisha. Alisoma kwamba makuti ya wazazi yameezeka banda la gari. Alisoma masufuria mangapi yanakinga matone, na vitanda vimesogezwa wapi. Hakuruka. Hakuongeza. Na alipofika mwisho, Mwanamkuu kutoka nyuma akapiga kigelegele ambacho alikuwa amekifungia kifuani wiki tatu nzima, wanawake wote wakampokea.

"Gari tu?" Mfaume alisema, amekasirika kabisa. "Hakuna simba?"

"Gari tu," alisema Jumbe. "Lo, gari nayo huogopa mvua!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wenye wana chuoni ndio waliocheka zaidi, na Bwana Hodi naye, masikio mekundu, alianza kucheka kwa pua kwanza, kama mtu anayepiga hodi. Adamu alimtafsiria Bibi mstari kwa mstari. Bibi aliuliza swali moja: wanafunzi wenyewe ndio walioandika hivyo? Alipojibiwa ndiyo, alisema saruji yake itakuja, na pamoja nayo mashine mpya ya kurudufia.

Makuti yalitoka nyuma ya nyumba siku hiyo hiyo. Yalipanda vichwani, yalipanda mabegani, mengine yalifungwa juu ya motokaa mpaka ikaonekana kama kibanda kinachotembea, na msafara ukashika njia ya Mkengeni kwa ngoma. Abeid alibeba mafungu mawili, anaimba.

Hawakungoja bweni jipya. Walianza na la zamani. Kesho yake jioni, jua likiwa bado juu ya mikorosho, banda la gari lilikuwa limebaki fito tupu, na Zahoro alikuwa amekaa juu ya paa la wanafunzi, miguu imening'inia, anafunga. Alikuwa hatazami chini. Alinyosha mkono tu, na kila aliponyosha, kuti lilimfikia. Lilikuwa linapanda kutoka kwa mkono mmoja mweupe wenye saa, wenye mikwaruzo ya fito, nao haukuwa na haraka. Alilipokea, akaliweka, akakaza, akanyosha tena.

"Jingine," alisema Zahoro.

"Hili hapa," ilijibu sauti ya chini.