Kidato cha Kumi na Tisa

Jengo lile lina ghorofa sita, na ngazi zake kutoka juu mpaka chini zina vidato mia moja na tisa. Kila ghorofa ina kumi na vinane, isipokuwa ile ya mwisho kabla ya kufika mlangoni. Hapo mjenzi, sijui alibakiwa na saruji au alikosea kipimo, aliongeza kimoja, vikawa kumi na tisa. Wapangaji wamepanda na kushuka miaka nenda miaka rudi bila kujua, na hawajapungukiwa na kitu.

Dokta alijua. Udaktari wenyewe hakuwahi kuusomea. Alikuwa mhudumu wa duka la dawa pale chini, na wateja ndio waliompa jina hilo bila kumwuliza. Kutwa alihesabu vidonge kwenye sinia dogo, vitano vitano, akivisukuma kwa kisu butu. Mtu wa hivyo hata akipanda ngazi huhesabu, apende asipende. Tena kwa miezi mitatu, kila Jumanne na Alhamisi kabla ya kufungua duka, alikuwa akizikimbia ngazi hizo na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

Shemeji alikuwa fundi wa redio, na alikuwa haoni. Presha ya macho ilimwanza miaka sita nyuma. Jicho la kushoto likatangulia, la kulia likafuata kana kwamba linaogopa kubaki peke yake. Redio aliendelea kuzitengeneza kwa vidole. Alichokataa katakata kukiacha ni mbio, na si mbio za barabarani, bali zile za vijia vya milimani, kilomita thelathini za kupanda na kuteremka. Waandaaji walisema karibu, mradi awe na kiongozi. Mkewe alijitoa mapema, akasema mbio zake za mwisho ni zile alizomkimbilia fundi huyo huyo, na zinamtosha. Ndipo kazi ikamwangukia Dokta.

"Nakukabidhi mume mzima," dada yake alimwambia, "unirudishie mzima."

Basi wakafungana kamba fupi, mkono kwa mkono, wakaanza. Walikimbia ubavu kwa ubavu, Dokta akitaja kilichoko mbele: panda, shuka, kona, jiwe, mzizi. Kwenye ngazi alitaja mwisho, ili shemeji ajue kwamba hatua inayofuata ni sakafu. Mlinzi wa jengo, mtu wa maneno mengi na kiti kimoja, aliwafungulia mlango alfajiri na kuwalalamikia kwamba wanamchakazia ngazi.

"Mimi shuleni nilikwama kidato cha pili," shemeji alimjibu siku moja, huku jasho linamtiririka. "Leo niko cha tisini. Niache nisome."

Kupanda hakukumpa shida. Kuteremka ndiko kulikotaka kazi, kwa sababu mtu haanguki akielekea juu. "Kupanda ni pumzi yangu," alizoea kusema. "Kushuka ni mdomo wako, shemeji."

Sasa sikia mdomo huo ulichofanya. Jumanne moja, zikiwa zimebaki wiki nne kufika siku ya mbio, walikuwa wanateremka mara ya nne. Simu ikatetema kiganjani mwa Dokta. Ilikuwa picha ya viatu, ametumiwa na mwenzake wa kazini. Akaitupia jicho, kufumba na kufumbua tu, na mdomo uliozoea kumi na vinane ukasema wenyewe: "Mwisho!" Shemeji akanyoosha mguu kutafuta sakafu. Sakafu haikuwepo. Akaenda mbele mzimamzima, akatua kwa viganja na kidevu.

Mlinzi alikuja mbio na kiti chake. Kabla Dokta hajapata sauti, shemeji alikuwa ameshajihukumu. "Kosa langu," alisema, damu ikimdondoka shatini. "Umesema mwisho, kumbe mimi niko nyuma yako kidato kizima. Mguu umechelewa."

Hapo ndipo mtu mzima hutakiwa kufungua kinywa. Dokta akaitia simu mfukoni, akasema pole.

Kidevu kilishonwa nyuzi tatu. Mkono uliteguka, ukafungwa bendeji. Hayo yalikuwa madogo. Kubwa ni kwamba mtu aliyepoteza macho bila kupoteza ucheshi alianza sasa kuishuku miguu yake. Waliporudi ngazini, alishika ukingo kama mgeni. Kila akikaribia mwisho wa ghorofa alisimama, akapapasa kwa ncha ya kiatu, kisha ndipo akakanyaga. Mlimani, wanakofanya mazoezi kila Jumamosi, alitembea pale alipozoea kukimbia.

"Macho yaliniaga kwa adabu," alimwambia mkewe mezani, Dokta akiwa anasikia. "Hii miguu inaondoka bila hata kuaga."

"Usiseme hivyo," dada alisema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Afadhali ulikuwepo wewe. Angekuwa na mtu mwingine angevunja shingo."

Dokta aliinama kwenye sahani. Alijiona hana maana. Kwa siku zote zile alikuwa akimwambia shemeji ajali haina kinga, akimwambia mguu wake ni mzima, kila mtu hujikwaa. Maneno matamu, lakini alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazini alihesabu vidonge thelathini mara tatu, na mara zote tatu havikumwingia akilini. Mara kadhaa aliapa atasema. Akifika mlangoni kwa dada yake anakuta wamemwekea kiti, wanamwita mwokozi, ulimi unakuwa mzito. Na jinsi siku zilivyosogea, kosa la kufumba na kufumbua lilizidi kuota mizizi.

Alhamisi ya wiki ya pili, walipofika ghorofa ya tatu wakiteremka, shemeji alisimama. Akafungua kamba mkononi mwake, akaikunja vizuri, akamkabidhi.

"Hapa panatosha, shemeji," alisema. "Leo nawapigia waandaaji, najitoa. Nikianguka ngazini kuna mlinzi na kiti. Nikianguka kule bondeni, nitakuburuza na wewe. Sina haki hiyo."

Alisema kwa upole, hata bila uchungu, kama mtu anayefunga duka jioni. Upole huo ndio uliomshinda Dokta. Shemeji angegomba, labda Dokta angenyamaza tena.

"Hukuchelewa," alisema.

"Nini?"

"Siku ile. Hukuwa nyuma yangu. Ulikuwa sawasawa na mimi. Nilitaja mwisho kwenye kumi na vinane, na kilibaki kimoja. Nilikuwa naangalia simu."

Chini huko mlinzi alikuwa anafagia. Ufagio ulisikika, ukanyamaza, ukasikika tena. Shemeji aliketi kwenye kidato.

"Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili mimi naizunguka meza ya chakula asubuhi, napima miguu yangu kama dume la mnadani. Mke wangu ananitazama anadhani simsikii anavyohema. Na wewe unajua."

"Najua."

"Unakuja, unakaa, unakula, unajua."

"Niliogopa, shemeji. Niliogopa hutaniamini tena, na dada..." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Sina la kujitetea."

"Huna kweli."

Hasira yake ilikuwa ya haki, na Dokta aliipokea yote. Kisha shemeji akauliza, uso umekazwa vilevile, "Simuni kulikuwa na nini?"

"Viatu."

"Vizuri?"

"Vibaya. Vya kijani."

Shemeji alitikisa kichwa, akainuka. Hakuiomba kamba. Aliweka mkono kwenye ukingo wa ngazi, akavuta pumzi, akateremka peke yake, akahesabu kwa sauti, ghorofa baada ya ghorofa, kasi ikipanda kila kona. Dokta alimfuata roho mkononi. Ghorofa ya mwisho shemeji hakupapasa wala hakusita. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, akatua sakafuni kwa miguu yote miwili mpaka mlinzi akaruka na ufagio wake.

"Miguu imepona!" mlinzi akapiga kelele.

"Haikuwa inaumwa," shemeji alisema. Alikuwa anahema, na kidevu chenye kovu kilikuwa juu. "Jumamosi mlimani. Lakini kwanza kuna mtu nyumbani anatakiwa kuambiwa."

"Utamwambia wewe?" Dokta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi shahidi gani? Sikuona kitu."

Dokta alimwambia mwenyewe, jioni ileile. Dada alikuwa anapiga pasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaisimamisha pasi, akalikunja shati la mumewe polepole, mkono mmoja, mkono wa pili. Hakugomba, na hilo lilimuuma Dokta kuliko kugombezwa.

"Mshono wa kidevu umeshapona," dada alisema mwishowe. "Huu wangu utausubiri." Kisha akamwuliza kama amekula.

Jumamosi kulipambazuka na ukungu mwepesi. Simu Dokta aliiacha nyumbani, bila kuambiwa na mtu. Walipanda mlima nusu kutembea nusu kukimbia, kama wapandavyo wenye akili, na huko juu wakanywa maji bila mazungumzo mengi. Kamba ilikuwa imerudi mikononi. Shemeji aliifunga mwenyewe, na fundo lake lilikuwa la kawaida, si la kukaza wala la kulegeza. Dokta alitamani shemeji ampe neno lolote la kumtuliza, lakini hakuthubutu kuliomba.

Wakaanza kuteremka. Njia ilikuwa nyembamba, changarawe zinateleza chini ya viatu, upande mmoja kichaka, upande mwingine mteremko wa kutisha. Dokta alikodoa macho mpaka yakamuuma. Shuka. Shuka. Kona. Mzizi. Mapaja yaliwaka moto, kasi ikaongezeka, akaliona jiwe.

"Jiwe, pita kulia!" alisema, na papo hapo akaona kwamba kulia ndiko liliko jiwe lenyewe. "Nimekosea! Kushoto!"

Shemeji alikuwa ameshanyanyua mguu. Akaupeleka kushoto hewani, ukatua kwenye udongo, na mbio zikaendelea.

Dokta alingoja kugombezwa. Hatua kumi, hatua ishirini. Badala yake akasikia kicheko, kile cha zamani, ambacho alikuwa hajakisikia tangu siku ya viatu.

"Unacheka nini, shemeji? Nimekaribia kukuua!"

"Ukikosea ukasema, nasogea tu," shemeji alisema, akihema. "Ukinyamaza ndipo naanguka."