Kipande cha Reli Mlangoni

Bibi Kengele alikuwa anafagia jukwaa la kituo, kama kila siku tangu treni ilipoacha kuja, pale karani wa shirika la reli alipotokea na jalada kwapani. Nyasi zimeifunika njia yote. Mvua ikinyesha kuta bado hunuka moshi wa makaa, na jua la mchana likikolea bibi huusikia mngurumo ukija kwa mbali, akabaki kasimama na ufagio wake kama anayeota macho wazi.

"Unaishi humu?" karani aliuliza, akichungulia chumba cha tikiti. Kitanda, sufuria mbili, kofia ya marehemu mumewe kwenye msumari.

"Mume wangu alikuwa mpiga kengele hapa. Akaambiwa angoje."

"Na nani?"

Bibi akaleta daftari la kituo. Mstari wa mwisho, miaka ishirini na miwili nyuma, simu ya makao makuu: Treni imechelewa. Msifunge.

Mume akangoja mpaka akazikwa. Barua ya kufunga haikuja, wala ya kiinua mgongo. Yaliyokuja, mume angali hai, ni malori, yakazoa reli kwenda kuuzwa chuma chakavu. Kikabaki kipande kimoja alichokificha marehemu uvunguni; sasa kinaning'inia mlangoni.

"Fomu ina nafasi mbili tu, bibi. Mfanyakazi au mvamizi."

"Anayengoja je?"

"Hayumo."

"Haya, mjukuu wangu. Kitendawili."

"Tega," karani akajikuta amejibu.

"Wawili wamelala sambamba maisha yao yote, hawajagusana."

"Reli."

"Kumbe unazijua. Nilidhani huko ofisini mmeshazisahau."

Karani akacheka kidogo, kisha akaandika: mvamizi. Siku saba awe ametoka. Akaweka tarehe, akatoa simu yake, imeisha chaji.

"Saa ngapi sasa, bibi? Lazima niijaze kwenye fomu."

Bibi akatazama kivuli cha paa kilivyougusa ukingo wa jukwaa. Akashika nyundo, akagonga kile chuma mara nane, taratibu. Ng'ambo watoto wa shule wakamwagika nje. Mashambani watu wakatia majembe begani. Wakati wa treni ya mchana.

"Saa nane," akasema. "Andika na aliyekupa saa. Mvamizi."

Karani akaandika saa nane kamili. Kwenye "kamili" mkono ukasita kidogo, maana chuma kilikuwa bado kinavuma.