Hakufika Jumatatu

Ngo, ngo, ngo. Mlango uligongwa kwa adabu, kama unavyogongwa wa chumba cha mgonjwa.

"Karibu," alisema afisa wa probesheni bila kuinua kichwa.

Aliingia dada mkubwa wa Spoki, yule fundi baiskeli aliyeiba betri ya lori akapewa kifungo cha nje: miezi kumi na minane akae kwake, mradi kila Jumatatu afike kwa afisa kutia saini. Akikosa mara tatu, sheria inamrudisha kwa hakimu, na hakimu anaweza kumtupa ndani. Spoki alikuwa mahabusu tangu jana. Kesi ilikuwa saa nane mchana huo.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa ajili ya mdogo wangu," alisema dada. "Umemhangaikia, naye kakuangusha. Eti alikuja Jumatatu akakuta kufuli! Nikamwambia, wewe ulianza uongo kabla hujaota meno. Ofisi ya serikali ifungwe saa nne asubuhi, kwani ni kibanda cha kinyozi?" Akacheka, kisha sauti ikamkatika. "Lile jitu zima likalia. Hata chakula nilichompelekea nikarudi nacho, kwa hasira."

Afisa alihisi shati limemganda mgongoni. Jumatatu ile alikuwa kwenye kiwanja chake, akiwasimamia mafundi wakimwaga zege. Jumanne alifungua daftari, akaona safu tupu, akamwogopa mkaguzi. Watu watano, wote akawaandikia "hakufika", chapuchapu, bila hata kusoma majina. Kwa wanne lilikuwa kosa la kwanza. Kwa Spoki, la tatu. Barua ya kumrudisha mahakamani aliitia saini huku akinywa chai.

Hakuna aliyejua. Angesema tu "pole, dada", na mambo yangeishia hapo: Spoki ndani, yeye kitini.

"Haya, nisikupotezee muda," dada alisema, akijifunga mtandio.

"Dada, keti."

"Kuna nini tena?"

"Mdogo wako hakudanganya." Afisa akalivuta daftari mbele yake. "Alikuja. Mlango niliufunga mimi, nikaenda kwenye shughuli zangu. Daftari nikalijaza uongo."

Dada alimkodolea macho.

"Nami nikamnyima chakula," alisema polepole. Kisha: "Si watakufukuza kazi wewe?"

"Wanifukuze. Leo, dada, kabla hawajaliita jina lake, nitasimama mbele ya hakimu niyaseme haya haya niliyokwambia, yote, bila kupunguza neno. Nakuahidi."