Mminyo Uliopitiliza

Kipindi cha biolojia kiliangukia baada ya chakula cha mchana, saa ambayo darasa zima husinzia, ndiyo maana mwalimu aliwasimamisha wote. Madawati yakasukumwa ukutani. Wanafunzi wakajipanga duara, wakashikana mikono, wakafumba macho, na yeye akajiunga nao kati ya kiranja na msichana mmoja mrefu.

"Ukiminywa mkono wa kushoto, mminye mwenzako kwa wa kulia. Tuone habari inakimbia vipi kwenye neva. Na atakayecheka, atatoka nje."

Walimwita Madamu Neva, na si kwa ubaya. Alikaa peke yake kwenye nyumba za walimu. Binti yake alilelewa na bibi yake katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, tangu Madamu alipopangiwa kituo hicho. Alikuwa ameomba uhamisho hadi karani wa ofisi ya elimu akazoea kumsalimia kwa kumwambia, "Bado, Madamu."

Alimminya kiranja. Mminyo ukazunguka, mabega yakishtuka moja baada ya jingine, ukamfikia msichana mrefu. Mkono wa kushoto wa mwalimu haukuhisi kitu.

"Nimeminya, Madamu."

"Minya tena."

"Nimeminya kweli, jamani."

Simu ya mwalimu ikalia mezani. Alikuwa mama yake.

"Mwanao analalamika umemminya kwa nguvu. Alikuwa anaandika, kalamu imemtoka."

"Mwambie anisamehe, mama. Mwambie na yeye aminye."

Akarudi kwenye duara, akafumba macho. Mminyo ukafika, mdogo, wenye jasho, na vidole vilivyonata kidogo kama kawaida ya binti yake. Kiranja akasimamisha saa yake ya mkononi iliyokuwa ikipima muda. Mwanafunzi mmoja akauliza kama urefu wa barabara hadi kwa mtoto nao ujumlishwe kwenye umbali. Mwalimu akasema ujumlishwe. Kasi waliyoipata iliizidi kwa mbali ile ya kitabuni.

"Kitabu kilipima mtu mmoja," akasema, akafuta ubao.

Ikawa hivyo kila kipindi. Kule kwa bibi, mtoto alijifunza kuweka kalamu chini mapema na kungoja. Jumamosi na Jumapili hakukuwa na darasa. Jumamosi moja mwalimu alikaa kitandani akauminya mkono wake mwenyewe, akahisi mkono wake tu.

Sifa zikafika ofisini, na afisa elimu akaja kukagua. Alisimama kwenye duara na koti lake, akaminywa, akaminya, akaridhika. Baadaye, mbele ya mkuu wa shule, mwalimu alimkumbusha lile ombi lake.

"Uhamisho wa nini tena, mwalimu?" afisa akashangaa. "Wenzako wameacha watoto huko na hawapati hata hicho. Wewe wa kwako unamshika mkono ukiwa kazini!"

Mkuu wa shule alikubaliana naye, akaahidi kumwongezea madarasa. Mwalimu alishukuru.

Wanafunzi wale wakamaliza shule, wakaja wengine, nao wakafundishwa kushikana mikono. Mminyo haukuacha kuja. Jasho likaisha, kisha vidole vikaacha kunata. Bibi hakuwa tena na haja ya kupiga simu.

Halafu, mwanzoni mwa muhula mmoja, mminyo ulikuja kwa mkono uliokijaza kiganja kizima cha mwalimu. Ulikuwa na ukucha mrefu uliofugwa. Ulibana mara moja, upesi upesi, kama mtu anayeitikia salamu huku akitazama kwingine, ukaachia.

Mwalimu akafumbua macho, akauliza muda. Kiranja mpya akamtajia. Ulikuwa umepungua.

"Vizuri," akasema.

Darasa zima lilibaki limeshikana mikono, likimngoja aseme waachiane. Alichelewa kusema.