Nshamsamehe Alichokichukua

Siku aliyozikwa baba yangu, jeneza likiwa bado mbele ya nyumba, ami yangu aliuliza kama ilivyo ada: mwenye dai lake kwa marehemu aseme, na mwenye kumsamehe amsamehe. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimeegemea dirisha, umri wangu miaka kumi na mitatu. Ndipo nikamsikia Pandu, nokoa wa shamba, aliyewasimamia wachumaji wote wa karafuu, akisema kwa sauti ya kunyenyekea:

"Mimi kwa upande wangu, nshamsamehe alichokichukua."

Watu wakaitikia amin.

Hakusema baba alichukua nini, wala hakuwa na haja. Baba yangu, Mcha, alikuwa mlinzi wa ghala la karafuu. Ufunguo ulikuwa mmoja tu na ulining'inia shingoni mwake kwa uzi. Katika msimu wa mwisho kabla ya Mapinduzi yalitoweka magunia tisa na kufuli halikuguswa. Pandu ndiye aliyekwenda kwa mwenye shamba kusema kwamba ghala la kufuli zima haliibiwi ila na mwenye ufunguo. Baba alifukuzwa. Aliishi miezi minne baada ya hapo, akikaa barazani na kupapasa shingo mahali ulipokuwa ule uzi, na kumwambia kila aliyepita kwamba yeye hakuchukua kitu. Wengine walimwamini.

Lakini mwizi akikana wapo watakaomwamini. Mwizi akisamehewa, kesi imekwisha. Toka siku ile nikawa binti wa mwizi aliyesamehewa, na mama yangu, Bi Mwanapili, kila akienda kisimani wenzake walikuwa wakizivuta ndoo zao karibu. Alifanya hivyo mmoja, wakafuata wote.

Nilipomaliza darasa la nane tulihamia mjini. Nilipata kazi Mkunazini katika duka la picha la Bwana Suud, mtu mpole ambaye watu wake walikuwa na mashamba zamani na yeye akabakiwa na kamera. Kazi yangu ilikuwa chumba cha giza: kusafisha filamu, kuosha karatasi, kuzianika kwenye kamba kwa vibanio. Kazi ile inataka mtu asiye na haraka. Karatasi unaitia kwenye dawa ikiwa nyeupe, unangoja, na jambo lililokuwamo linajitokeza lenyewe.

Mwaka sabini Bwana Suud alipewa kazi na ofisi moja ya mjini. Maghala ya zamani ya karafuu yalikuwa yakibomolewa huko mashamba, mawe yake yajengewe skuli na nyumba, na wakubwa wakataka kila ghala lipigwe picha kabla halijaanguka. Kila wiki tulipanda gari la ofisi na kwenda. Mengine tulikuta paa limekwisha, mengine popo tu, moja tulikuta mbuzi wamezaa ndani. Wiki ya tano nikaona kwenye orodha jina la shamba letu, ndani kidogo kutoka Bububu. Sikumwambia Bwana Suud kitu. Nilipiga pasi baibui langu.

Pandu alitupokea mwenyewe. Shamba lilikuwa limeshagawiwa watu ekari tatu tatu na yeye ndiye mkubwa wa kamati. Nilimwamkia, shikamoo, akajibu marahaba, kisha akanitazama tena.

"Aa, binti Mcha huyu," akamwambia Bwana Suud. "Basi chunga vyombo vyako, bwana. Tumeshasameheana sisi, lakini mkono hausahau."

Watu waliokuwapo wakacheka. Bwana Suud hakuelewa, akacheka kidogo kwa adabu. Na mimi nikacheka, nikiutazama mkono wa Pandu mwenyewe, wa kulia, aliokuwa kautia mfukoni mwa kanzu kama kawaida yake. Kidole chake cha kati kilikatwa na panga zamani, akiwa kijana, na hakupenda watu waone kwamba hakipo.

Tulipiga picha ya mbele, ya mlango, ya sakafu ya kuanikia. Tulipozunguka nyuma nikaona jambo. Zamani nyuma ya ghala palikuwa na kipenu, chumba kilichojengwa kwa kuegemea ukuta wa ghala, na humo ndimo alimolala nokoa. Kipenu kilikuwa kimeshabomolewa. Ukuta ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, isipokuwa pahala pamoja, chini, palipotundikwa jamvi.

Bwana Suud aliomba liondolewe. Pandu akasema liachwe, linapendezesha. Akasimama mbele yake apigwe picha. Bwana Suud alimweleza kwamba hapo jua linampiga machoni, asogee hatua tatu kivulini atoke vizuri. Hakusogea. Mtu anayependa sura yake kama Pandu, aliyekuja na kanzu ya sikukuu, akakubali atoke amekunja uso kama anayekunywa shubiri. Nikajiambia, Wanu, huyu hakusimama hapa kwa ajili ya picha.

Ikaadhiniwa alasiri. Wanaume wakaenda msikitini, Bwana Suud pamoja nao. Mimi niliachiwa nilinde vyombo. Nililinda kama alivyolinda baba.

Walipopotea migombani nililiinua jamvi.

Ukuta wa ghala ulikuwa wa mawe na chokaa. Palipokuwa na jamvi palizibwa kwa udongo mwekundu, pana kiasi cha kupita gunia. Ndani ya udongo mlikuwa na makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki mtu akishachambua. Aliyeukanda udongo ule alizoa takataka za sakafuni msimu wa karafuu. Na ulikandikwa kwa kiganja, kama tunavyokandika nyumba zetu sote, vidole vikaacha mifuo. Kiganja cha mtu huacha mifuo minne. Hii ilikuwa mitatu: mmoja, nafasi, kisha miwili. Mmoja, nafasi, kisha miwili, kutoka juu hadi chini, na jua la alasiri lililala upande na kuujaza kila mfuo kivuli.

Filamu ilikuwa na picha mbili zilizobaki. Sikuwa nimepata kubonyeza kamera, lakini miaka mitatu nilikuwa nikiitazama mikono ya Bwana Suud. Ya kwanza niliibonyeza kwa haraka. Ya pili nilizuia pumzi. Kisha nikalirudisha jamvi kama lilivyokuwa, hata mkunjo wake.

Dukani, picha ilipojitokeza kwenye dawa, Bwana Suud alisimama nyuma yangu akauliza nani kapiga ukuta mtupu. Nikamwambia ni mimi, na nikamweleza yote, tokea ufunguo hadi jeneza. Akasema niipeleke polisi.

"Kesi hii haikuhukumiwa polisi, Bwana Suud," nikamwambia. "Ilihukumiwa mbele ya watu, na watu wakaitikia amin."

Akaitazama tena ile picha. Kisha akasema karatasi kubwa za kukuzia picha ziko kabati la juu.

Ningeweza kwenda wiki ileile. Sikwenda. Nilingoja ghala libomolewe. Nilitaka Pandu ayaone mawe yakipakiwa garini, arudi nyumbani alale usingizi mzuri. Alilala miezi saba.

Skuli ilipokwisha, ile iliyojengwa kwa mawe ya ghala, watu walialikwa kuja kuiona, na picha zetu zikaamriwa zitundikwe ukutani. Pandu ndiye aliyeombwa kueleza habari za shamba. Alileta salamu dukani kwamba anataka picha yake ikuzwe iwe kubwa kuliko zote. Nikajibu ataipata, inshallah.

Nilitundika mwenyewe. Ile kubwa niliifunika kwa kanga, nikasema itafunuliwa na mzee mwenyewe. Wote walikuwapo, waliobeba jeneza la baba na waliozivuta ndoo. Mama yangu nilimkalisha mbele. Pandu alisema maneno mazuri juu ya jasho la wachumaji, kisha akavuta kanga.

Kwanza hawakuelewa. Watu walitegemea kumwona Pandu na wanaona udongo. Pandu aliyeelewa mara moja alitaka kuirudisha kanga, lakini Bi Kazija, bibi anayekandika nyumba za kijiji kizima, alishafika mbele. Akaupitisha mkono wake juu ya picha, vidole vinne, haviingii. Akakikunja cha kati. Vikaingia.

"Huku ni nyuma ya ghala," akasema polepole. "Hapa palikuwa chumbani mwa nokoa. Jamani, nani kakandika hapa?"

Wote waligeuka kuutazama mfuko wa kanzu. Mkono ulikuwamo ndani na haukutoka, hata mtoto mmoja alipomuuliza mama yake kwa nini babu hautoi mkono.

Nikasimama. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi yale maneno kwa miaka saba, na sauti niliijua, maana niliichukua kwake.

"Mzee Pandu, mimi kwa upande wangu, nshakusamehe ulichokichukua."

Nikangoja. Bi Kazija ndiye aliyeanza, kisha wengine, mmoja mmoja, wakiangalia chini, wakaitikia amin. Mama hakuitikia. Alikuwa akilia, na wanawake wawili wa kisimani walisogeza miguu yao kumpa nafasi.

Wanaoniuliza kama nilimsamehe kweli nawaambia nilisema kama alivyosema yeye.

Alikuja dukani baada ya wiki mbili. Mkono mfukoni. Alisema watu wameacha kumwitikia salamu, kwamba kwenye kamati wamemweka mwengine, kwamba picha ameshaichana lakini filamu bado iko kwangu, na mimi ni kama mwanawe, nimpe aichome yaishe. Nilikuwa naanika karatasi. Nilibana ya mwisho, nikaifuta mikono, nikafunga kabati la filamu.

"Ghala lako umeshalibomoa, mzee," nikamwambia. "Hili ni langu."