Mlango Usiotajwa

"Juu hakuna mtu, Fundi. Nikwambie mara ngapi?"

"Kama hakuna mtu, haya maji ni mvua? Mvua ikose mji mzima ije kuninyeshea mimi na cherehani yangu?"

"Ni bomba bovu. Nyumba imezeeka hii."

"Bomba bovu linaosha vyombo, shemeji? Maana jana yalishuka na povu la sabuni!"

Walikuwa kwenye korido ya ghorofa ya pili, ndoo ya bluu katikati yao. Fundi Cherehani alikuwa ameinua koti la bwana harusi mmoja, bega la kushoto limelowa chapachapa. Mama Pacha alikuwa ametoka jikoni kwake na mwiko mkononi, akausahau humohumo. Milango ya wengine ilikuwa wazi kidogo, kila mmoja kiasi cha kupitisha sikio, kwa sababu katika jengo lile ugomvi wa mchana haukuhitaji tangazo.

Dada Kompyuta alikuwa akipanda ngazi na mkate kwapani. Fundi Cherehani akamdaka kabla hajafika juu.

"Afadhali umekuja. Wewe ndiye uliyetutengenezea tovuti, hebu sema. Juu kuna mtu au hakuna?"

Wote watatu wakaangalia ngazi. Zilipanda vizuri kuelekea ghorofa ya tatu, zikakata kona, zikaishia ukutani. Ukuta ulikuwa na rangi ileile ya maziwa kama kuta nyingine, imechakaa vilevile, na weusi uleule wa viganja vya watu wanaoshika ukuta wakipanda. Ulikuwa hapo tangu Jumamosi iliyopita. Kabla ya Jumamosi palikuwa na kibaraza kifupi na mlango wa kijani.

"Mimi naona ukuta," Dada Kompyuta alisema.

"Si ndiyo hayo ninayosema," Mama Pacha akajibu, akarudi kwenye mchuzi wake.

Fundi Cherehani akabaki analikamua koti. "Ukuta unaoosha vyombo," alisema. "Haya."

Tovuti ilikuwa wazo la jengo zima, au angalau la wale waliokuwa kwa Kinyozi siku ile. Kinyozi alikuwa na duka lake chini, mlangoni pa kuingilia, na maneno yote ya jengo yalipita kwake kabla ya kupanda ngazi. Alitaka wateja wa mbali. Fundi Cherehani alitaka watu waone suti zake. Wengine walitaka tu kuonekana. Dada Kompyuta, ambaye kazi yake ilikuwa kuunda tovuti za watu asiowajua, akasema atawafanyia bure, na kila nyumba itakuwa na ukurasa wake.

Mwanzoni alitumia kiunzi kilekile cha kazini, programu ya kujengea tovuti. Kwa kiunzi hicho, kila mtu akiomba ukurasa, seva inauandaa papo hapo, kama mama lishe anayekaangia kila mteja yai lake. Seva yenyewe ilikuwa laptopu kuukuu juu ya friji ya Dada Kompyuta. Umeme ukikatika, tovuti inalala, na Kinyozi anapiga kelele hadi huko juu kwamba biashara yake imeuawa. Ndipo Dada Kompyuta alipoamua kutengeneza mtambo wake mwenyewe wa kuzalisha kurasa tuli. Kiunzi kingebaki kinapika, lakini mara moja tu, na kila ukurasa ukiiva ungewekwa kwenye kabati, tayari, umeme uwepo usiwepo.

Mtambo ulifanya kazi kwa namna rahisi. Ulianzia ukurasa wa mbele, ukasoma, ukafuata kila kiungo cha kubofya ulichokikuta, ukasoma na huko, ukafuata vya huko pia, mpaka viungo vipya vikaisha. Kila ulipopita uliacha faili. Orodha ya nyumba haikuwepo. Dada Kompyuta alijaribu kuiweka, lakini majirani waligombana wiki nzima nani atangulie, walioingia kwanza au wanaolipa kwa wakati, na mwisho wakakubaliana kwamba orodha isiwepo kabisa. Ukurasa wa mbele ungemtaja Kinyozi peke yake kwa sababu yuko mlangoni. Wengine watajane wenyewe.

Na walitajana. Waliipenda kazi hiyo kuliko tovuti yenyewe. Mmoja aliandika anapoazima chumvi, mwingine nani anakoroma hadi ukuta unatikisika, mwingine nani humlelea mtoto akichelewa sokoni. Kila jina lilikuwa kiungo. Fundi Cherehani alimtaja Mama Pacha mara tatu kwa ajili ya mchuzi wake.

Bibi Mkunga wa ghorofa ya tatu naye aliandika wake, kwa mkono wake, herufi kubwakubwa. Aliwataja wote. Kila nyumba, na kila mtoto wa nyumba hiyo aliyempokea yeye.

Jumamosi mchana Dada Kompyuta akauwasha mtambo. Mlango wa kwanza kubishwa hodi ulikuwa wa Kinyozi. Alisema karibu, mlango ukafunguka, hakuingia mtu, lakini kitu fulani kilisimama pale kikatazama viti, vioo na mteja aliyenyolewa nusu kidevu, kisha mlango ukarudishwa polepole. Kinyozi alisema mgeni yule ana adabu kuliko wateja wake wote. Hodi ikaendelea nyumba kwa nyumba, kwa kufuata nani kamtaja nani. Aliyetajwa mara tatu alibishiwa mara moja tu. Mama Pacha alikipa kitu hicho kisichoonekana kikombe cha chai, kikapoa kisiguswe.

Fundi Cherehani alisikia nyayo zikifika chini ya ngazi za mwisho. Zikasimama hapo kitambo, kama mtu anayesubiri kuelekezwa njia, kisha zikashuka.

Jioni yake palikuwa na ukuta. Mtoto mmoja wa jengo akacheza mpira kwenye ukuta huo, akaambiwa asipige kelele, na siku ikapita.

Sababu ya Bibi Mkunga kutotajwa kwenye ukurasa wowote kila mtu aliijua, ndiyo maana hakuna aliyeisema. Mwaka uliopita Mama Pacha alijifungua. Mumewe, Dereva, ni kaka yake Dada Kompyuta, tumbo moja. Jua lilipokuwa bado linawaka Bibi Mkunga alimwambia Dereva kwamba hii si ya nyumbani, ampeleke mkewe hospitali. Dereva akasema wasubiri kwanza, gari lina kazi ya mtu. Walipokuja kukubaliana kwamba waondoke, ilikuwa usiku na geti lilikuwa limefungwa, kama mkutano wa wapangaji ulivyoamua, na ufunguo uko msumarini dukani kwa Kinyozi. Bibi Mkunga alisimama ngazini akaita ufunguo. Aliita kwa sauti. Kila nyumba ilisikia, na kila mmoja kitandani akasema aliye karibu na ngazi atainuka. Dada Kompyuta naye alisikia.

Mtoto wa kiume hakufika hai. Msichana alifika. Mama akaendelea kuitwa Mama Pacha, kwa sababu jina lilishazoeleka tangu mimba.

Baada ya hapo ikawa inasemwa kwamba Bibi Mkunga mikono yake imezeeka. Hakuna aliyekumbuka nani alianza. Watu wakaacha kumsalimia ngazini, si kwa hasira, bali kama mtu anavyoacha kutumia kiti chenye mguu mbovu.

Siku mbili baada ya ugomvi wa koti, Dada Kompyuta alipita mlango kwa mlango. Hakuomba kikubwa. Mstari mmoja tu wa kumtaja Bibi Mkunga, kwenye ukurasa wowote.

"Mimi kinyozi, dada," alisema Kinyozi, wembe hewani. "Nikimtaja leo, kesho kaka yako ananyoa kwingine. Na ufunguo wataanza kuuliza ulikuwa kwenye msumari wa nani."

"Nataka maji yaishe," alisema Fundi Cherehani. "Sitaki maneno yaanze."

Basi akauandika mwenyewe, kwenye ukurasa wake. Aliandika kwamba alipougua ile homa iliyomlaza wiki nzima, aliyemletea uji asubuhi na jioni ni Bibi Mkunga wa juu. Ilikuwa kweli. Akaweka kiungo kwenye jina, akafungua ukurasa kwenye laptopu aone ulivyokaa kabla ya kuwasha mtambo.

Huko ngazini rangi ya maziwa ikaanza kuwa nyepesi, kama nguo iliyofuliwa mno, na chini yake kijani kikaonekana. Kitasa kikatuna. Mama Pacha, aliyekuwa akianua nguo, alikiona. Akaziweka nguo chini, akaenda kwa wifi yake, akaingia bila hodi kama anavyoingia siku zote.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimeandika uji."

Mama Pacha akavuta kiti, akasoma kioo. Akabofya lile jina. Akasoma na huko, taratibu, midomo ikitembea.

"Kwangu ameandika wawili," alisema.

"Ndiyo."

"Ameandika, ghorofa ya pili, wa kiume na wa kike." Akaugusa mstari kwa kidole. "Watu wakibofya watasoma hivi. Halafu wataniuliza. Halafu nitasema nini, wifi? Niseme kaka yako alikuwa anasubiri mzigo wa mtu? Niseme niliwasikia mnageuka vitandani? Mimi nilikuwa macho. Nilisikia vitanda."

Dada Kompyuta akaivuta laptopu kwake.

"Nakula na nyinyi," Mama Pacha alisema. "Kila siku nakula na nyinyi. Nikianza kusema nitakula na nani?"

Akainuka. Mlangoni akageuka, sauti yake imeshakuwa ile ya kawaida. "Futa, wifi yangu. Leo nimepika mapema, usichelewe."

Dada Kompyuta alikaa na mkono juu ya kibodi mpaka chai ikapoa. Kisha akafuta mstari. Ngazini kitasa kikazama, kijani kikafunikwa, na weusi wa viganja ukarudi mahali pake.

Mambo yakatulia. Tovuti haikulala tena. Kinyozi alipata wateja kutoka mbali, na Fundi Cherehani akasogeza cherehani upande wa dirisha. Maji ya ndooni, siku zisizo na povu, yalikuwa safi, kwa hiyo akawa anapigia pasi.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Dada Kompyuta alipanda hadi ukutani. Alikuwa hajaambiwa na mtu apande. Harufu ya maharage na kitunguu ilikuwa inapita kwenye lipu bila shida. Alisimama, na ubao wa ngazi ukalia chini ya mguu wake.

"Nani?" sauti ikauliza ng'ambo.

"Ni mimi, Bibi."

"Yule wa kompyuta? Ile homa iliisha?"

"Iliisha, Bibi. Ahsante." Akasogea karibu. "Bibi, wiki hizi mbili umeona tofauti yoyote?"

"Tofauti ya nini?"

"Hapa ngazini. Ukitoka."

Bibi Mkunga alifikiri. Kijiko kikasikika kikigongwa ukingoni mwa sufuria.

"Hapana," alisema. "Nafungua, nafagia, nashuka dukani, narudi. Sikutani na mtu. Kama kawaida." Kisha akauliza, "Ule ukurasa wangu ulikaa vizuri?"

"Ulikaa vizuri."

"Herufi zilikuwa kubwa mno, najua. Macho haya."

"Zilikuwa nzuri, Bibi."

Kifuniko kikaondolewa, mvuke ukaja hadi usoni kwa Dada Kompyuta, ukamlowesha nyusi. Sahani ikawekwa mezani. Halafu na ya pili.

"Mbona umesimama hapo nje?" Bibi Mkunga alisema. "Nimepika kingi, kidogo sijui kupika. Pita ndani ule, mwanangu. Mlango haujafungwa."